Kiwanja cha Kuwafungulia Mbwa Kamba: Tathmini Baada ya Ziara Nne

Mara ya kwanza nilipofika katika kiwanja hiki nilimwacha mbwa wangu nyumbani. Nilisimama nje ya uzio kwa muda wa nusu saa nikiwatazama mbwa wa watu wengine na, zaidi ya hao, nikiwatazama watu wenyewe. Yeyote anayefikiria kumpeleka mbwa wake mahali ambapo atafunguliwa kamba miongoni mwa mbwa asiowajua namshauri aanze hivyo, kwa kuwa akishaingia na mbwa wake macho yake yote yatamwandama huyo mmoja na hatapata nafasi ya kuona mengine. Tathmini hii imetokana na ziara nne: hiyo ya kutazama tu, ya pili ya asubuhi na mapema, ya tatu ya jioni ya mwisho wa wiki wakati kiwanja kimefurika, na ya nne siku moja baada ya mvua kubwa.

Ni vyema msomaji amfahamu pia mbwa niliyempimia mahali hapa. Anaitwa Kunguru, dume wa miaka mitatu mwenye uzito wa kilo 18, mweusi mwenye kifua cheupe. Jina alipewa kwa sababu ya rangi, lakini tabia nayo ikalifuata, maana wahenga walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na huyu hakawii kuukimbiza. Mbwa shupavu angeweza kukiona kiwanja hiki kizuri kuliko nilivyokiona mimi, nami sitabisha.

Nianze na malango, kwa sababu hapo ndipo waliokijenga walipotumia akili zaidi. Kila mlango una malango mawili yaliyotenganishwa na kizimba kidogo. Mtu huingia kwa lango la kwanza, hulifunga nyuma yake, humfungua mbwa kamba akiwa ndani ya kizimba, kisha ndipo hufungua lango la pili. Faida ya kwanza inaonekana wazi: hakuna mbwa anayeweza kuchoropoka kwenda barabarani mtu mwingine anapoingia. Faida ya pili haijulikani sana, nayo ni kubwa zaidi. Mbwa aliyefungwa kamba akikutana na mbwa walio huru hawezi kukimbia wala kuzunguka kwa upande kama mbwa wenye adabu wanavyofanya wanaposalimiana. Mwenyewe naye kwa hofu huivuta kamba, kichwa cha mbwa kikainuka na kifua kikatokeza mbele, na wenzake wakakisoma kifua hicho kama mwaliko wa ugomvi. Ndiyo maana kamba hufunguliwa kizimbani, wala si katikati ya uwanja baada ya mwenyewe "kuona hali ilivyo." Komeo za malango haya ziko juu kiasi kwamba mbwa hazifikii, malango hujirudisha yenyewe, na milango iko miwili, mmoja kila upande, ili wanaotoka wasigongane na wanaoingia.

Dosari yake ni moja. Lango la pili ni la waya mtupu, hivyo mbwa walio ndani humwona mgeni tangu anapoingia kizimbani na hukusanyika hapo kumngoja. Asubuhi walikuwa wawili na haikuwa tatizo. Jioni niliwahesabu saba, pua zao zote zikiwa wayani, na Kunguru akajikunja nyuma ya miguu yangu kabla hata ya kuingia. Wenye mbwa hao walipaswa kuwaita waondoke langoni, na hakuna aliyeita. Kipande cha ubao au mabati cha kuziba sehemu ya chini ya lango kingepunguza nusu ya shida hiyo.

Uzio wenyewe ni imara, una kimo cha mita moja na nusu hivi, na matundu yake ni madogo kiasi kwamba kichwa cha mbwa mdogo hakipiti. Sehemu yake ya chini imezikwa ardhini ili wachimbaji wasipate njia. Kasoro iko kwenye kona moja ya nyuma ambako uzio umekutana kwa pembe kali. Kona ya namna hiyo katika kiwanja cha mbwa ni mtego: anayefukuzwa akiingia humo hana pa kutokea ila kupitia kwa anayemfukuza. Waliobuni viwanja kwa uangalifu huzungusha kona zao, nami sioni kwa nini walioweka malango mazuri hivi waliisahau hii moja. Nitairudia kona hiyo.

Kiwanja kimegawanywa sehemu mbili, moja ya mbwa wasiozidi kilo 12 na nyingine ya waliobaki. Watu wengi hudhani mgawanyo huo umewekwa ili wadogo wasikanyagwe. Hilo ni kweli, lakini sababu nzito zaidi ni kwamba mbwa mdogo anayekimbia huku akilia kwa sauti nyembamba anaweza kuamsha silika ya uwindaji kwa mbwa mkubwa ambaye dakika moja kabla alikuwa anacheza naye kwa wema kabisa, na hapo hakuna ubaya wa moyo wa kumlaumu mnyama. Nilimwona mwenye kijibwa kimoja akikiingiza upande wa wakubwa kwa maelezo kwamba kijibwa hicho "hakijijui kwamba ni kidogo." Huenda ni kweli hakijijui. Wakubwa wanakijua.

Ardhi ya katikati ni nyasi zilizochakaa, zenye mabaka ya manjano yanayotokana na naitrojeni iliyomo kwenye mkojo wa mbwa, na karibu na malango kumemwagwa vipande vya mbao. Katika ziara ya siku ya baada ya mvua vipande hivyo vilikuwa vimekauka vya kutosha kukanyagika, ilhali katikati palikuwa tope na dimbwi moja kubwa ambalo mbwa watatu walikuwa wanakunywa kwa furaha. Maji yaliyotuama ndiyo yanayobeba bakteria wa leptospira, ambao hutoka na mkojo wa wanyama na huwaambukiza hata binadamu, pamoja na vimelea vya giadia vinavyoharisha. Niligeuza njia na Kunguru wangu tukarudi nyumbani. Ziara hiyo ilichukua dakika kumi.

Kivuli ni kidogo mno. Kuna mti mmoja mkubwa na miche kadhaa ambayo itafaa baada ya miaka mingi. Mbwa hatoi jasho mwilini mwote kama sisi. Hujipoza hasa kwa kuhema, na joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38 na 39 hivi za Selsiasi. Likipita 41 maisha yake yamo hatarini, na wale wenye pua fupi zilizobonyea hufika huko mapema kuliko wengine kwa sababu njia yao ya hewa ni nyembamba. Mbwa anayefukuzana na wenzake hajui kusimama kwa wakati. Kwa hiyo sikipendekezi kiwanja hiki saa za jua kali, na mwenye kulazimika kwenda aweke mgongo wa mkono wake ardhini kwa sekunde tano au saba. Akishindwa kuvumilia, nyayo za mbwa nazo hazitavumilia.

Maji safi yapo, lakini ni bomba moja lenye bakuli moja linalonywewa na wote. Bakuli la pamoja ni njia nzuri ya kusambaza kikohozi cha mbwa na mengineyo, nami hubeba chupa na kibakuli changu. Mifuko ya kuzolea kinyesi niliikuta mara tatu kati ya nne, na mapipa yalikuwa yameondolewa taka kila mara.

Kwenye mlango pana ubao wa masharti. Mbwa awe amechanjwa, watoto wa mbwa walio chini ya miezi minne wasiingie, jike aliye kwenye joto la kutaka dume asiingie, chakula kisiingie, na mtu mmoja asilete mbwa zaidi ya wawili. Masharti yote ni ya haki, na hakuna hata mmoja anayeyakagua. Nililisikitikia hilo hasa kwa ajili ya hao wadogo. Ugonjwa wa parvo, uliotambuliwa kwa mbwa katika miaka ya mwisho ya 1970 na kuenea duniani kwa muda mfupi sana, huua watoto wa mbwa kwa kuwaharisha damu na kuwakausha maji, na virusi vyake hudumu kwenye udongo kwa miezi mingi bila kujali sabuni za kawaida. Chanjo za mtoto wa mbwa hutolewa kwa awamu na kwa kawaida hukamilika akiwa na wiki 16 hivi. Tatizo linalowachanganya wengi ni kwamba kipindi ambacho mbwa hujifunza kwa urahisi zaidi kuwa dunia si ya kutisha ni kati ya wiki ya 3 na ya 14, yaani kinaelekea kufungwa kabla chanjo hazijakamilika, na hapo ndipo mtu hujiambia kwamba ni heri amlete kiwanjani mapema ili azoee wenzake. Azoeshwe, ndiyo, lakini kwa mbwa wachache wanaojulikana kuwa wazima na wamechanjwa, katika ua wa mtu, wala si kwenye udongo ambao mamia wamepita. Tena kumkutanisha mdogo wa wiki kumi na kundi la wakubwa kumi wanaomrukia humfunza jambo lililo kinyume kabisa na lile lililokusudiwa. Nadhani Kunguru alifunzwa hivyo na aliyemlea kabla yangu.

Kuhusu kichaa cha mbwa, sharti la chanjo halina mjadala. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huo huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, karibu wote wakiwa wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishatokea ni nadra sana mtu kupona. Kiwanja kinachowakusanya mbwa wasiojuana kingekuwa na walau siku chache kwa mwezi ambapo kadi za chanjo zinaonyeshwa mlangoni. Hadi hilo lifanyike, anayeng'atwa na mbwa asiyemjua aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo na mwenye mbwa anaapa.

Sasa nirudi jioni ile ya mwisho wa wiki, kwa kuwa ndiyo iliyonipa mengi ya kusema. Palikuwa na mbwa zaidi ya ishirini. Kwa sehemu kubwa michezo ilikuwa mizuri kuitazama: mbwa anainamisha kifua mpaka chini na kuacha makalio juu, mwenzake anajibu vivyo hivyo, wanafukuzana, kisha aliyekuwa anafukuza anageuka kuwa mfukuzwa, wanasimama kuhema, wanaanza tena. Miili imelegea, midomo iko wazi, mwendo wao ni wa kurukaruka usio na haraka ya kweli. Huo ndio mchezo. Dalili za kinyume chake nazo si za kificho: mwili uliokakamaa, mdomo uliofungwa ghafla, manyoya ya mgongoni yaliyosimama, mkia uliofichwa katikati ya miguu, macho yanayoonyesha weupe pembeni, na zaidi ya yote, mbwa mmoja yule yule anayefukuzwa siku zote bila zamu kubadilika.

Kunguru alikuwa ndiye huyo anayefukuzwa siku zote. Mbwa mmoja wa hudhurungi, mzito kumzidi kwa nusu, alimwandama kutoka langoni hadi kwenye ile kona ya pembe kali na kumsimamia hapo, shingo juu ya mabega yake. Nilitembea kuelekea huko bila kukimbia, kwa kuwa mtu anayekimbia na kupiga kelele huongeza moto, nikapita katikati yao na kumwelekeza yule mkubwa kando kwa mwili wangu. Nilipouliza mbwa huyo ni wa nani, sauti ilitoka kwenye benchi: "Wanacheza tu." Mwenye sauti hakuinua macho kutoka kwenye simu yake.

Kuna njia rahisi ya kukata ubishi wa namna hiyo, nami nilimwomba bwana huyo tuijaribu. Anayefukuza hushikwa kidogo, na yule anayefukuzwa huachwa huru. Akirudi mwenyewe kumchokoza mwenzake, basi kweli walikuwa wanacheza na waachwe waendelee. Akiondoka, alikuwa anatafuta mlango. Kunguru aliondoka, na kwa kasi ambayo sikujua anayo.

Nilikaa kwenye benchi zile kidogo ili nielewe, na nikaelewa. Zote nne zimepangwa chini ya ule mti mmoja, zikielekeana kama za sebuleni, hivyo nusu ya wanaoketi wameupa uwanja mgongo na nusu nyingine wanaangaliana na wenzao. Ni mahali pazuri pa mazungumzo. Sidhani watu wa jioni ile walikuwa wazembe kwa asili; walikalishwa hivyo na mpangilio, na kivuli kikawazuia kuhama. Kama ningepewa nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu katika kiwanja hiki nisingegusa nyasi wala bomba. Ningezitawanya benchi hizo kando ya uzio, zikitazama ndani, na ningefurahi zaidi kama zingekuwa chache, kwa sababu mwenye mbwa anapotembea, mbwa wake humfuata kwa macho na makundi hayapati muda wa kuganda mahali pamoja.

Jioni hiyo hiyo palitokea jambo ambalo wengi waliokuwepo hawakuwahi kuliona, na ambalo ubao wa masharti hauligusi. Mbwa wawili rafiki walikuwa wanaumana shingo kwa mchezo, taya la chini la mmoja likapenya chini ya mkanda wa kifuani wa mwenzake. Alipojaribu kujitoa alijipinda, mkanda ukakaza, wote wawili wakashikwa na hofu na kuanza kupiga mayowe kama wanaouana. Hatari ya hapo ni mmoja kuvunjika taya au mwingine kukosa pumzi, na silika ya mtu ni kuwavuta watengane, jambo ambalo huzidi kuwakaza. Wenyewe waliwasukuma wakaribiane, mmoja akawabana wasijipinde na mwingine akafungua kifungo. Tangu hapo humvua Kunguru mkanda wa kifuani kizimbani pamoja na kamba, na kumwachia mkanda mwembamba wa shingoni wenye kifungo cha kufyatuka. Mikanda ya minyororo na ya miiba isingepaswa kuvuka lango la kwanza kabisa.

Mipira nayo iliniudhi. Sharti linakataza chakula na kunyamaza kuhusu vitu vya kuchezea, ilhali mbwa anayekilinda kitu chake hatofautishi mfupa na mpira. Ugomvi pekee wa kweli nilioushuhudia ulizuka juu ya mpira ulioletwa na mtu aliyetaka kumfanyisha mbwa wake mazoezi katikati ya mbwa wengine ishirini. Uliisha kwa sekunde chache baada ya mtu mmoja kuwamwagia maji, naye alifanya vizuri kutopeleka mkono kwenye shingo zao, kwa kuwa mbwa aliye vitani huuma kilichomgusa bila kuuliza ni cha nani.

Kwa hayo yote, nimeshakirudia kiwanja na nitakirudia tena, ila asubuhi tu. Bustani ya Ohlone ya mjini Berkeley, iliyofunguliwa mwaka 1979 na ambayo huhesabiwa kuwa ya kwanza ya aina yake nchini Marekani, ilianza kama kipande cha ardhi ambacho majirani walikubaliana kukitunza, na asubuhi za hapa zina kitu cha namna hiyo: watu wanne au watano, wale wale, wanaojua majina ya mbwa wa wenzao na wanaotembea badala ya kuketi. Mwenye mbwa mwenye nguvu nyingi, aliyechanjwa, anayekuja akiitwa, atapata hapa mahali pa kumkimbiza ambapo hakuna gari. Mwenye mtoto wa mbwa asubiri. Mwenye mbwa mzee, au mgonjwa, au anayewaogopa wenzake aje alfajiri au asije kabisa, wala asione haya, kwa kuwa mbwa wengi waliokomaa hawana haja ya marafiki wapya kila wiki.

Nitoe ushauri mmoja wa ziada kwa watakaokwenda. Mwite mbwa wako mara tano au sita katika ziara moja, mpapase, kisha mwachie aende zake, ili wito usiwe ishara ya kwamba raha imekwisha. Anayemwita mbwa mara moja tu, wakati wa kuondoka, atajikuta anamkimbiza uwanja mzima mbele ya hadhira.

Asubuhi ya ziara ya pili Kunguru hakucheza na mtu. Alikutana na jike mmoja mzee mwenye mvi puani, wakanusana kwa upande, kisha wakatembea pamoja kuuzunguka uzio wote kwa takriban dakika arobaini, wakisoma kila nguzo bila haraka. Kwenye kizimba nilimfunga kamba, nikamkagua masikio na katikati ya vidole kama amebeba kupe, nikampa maji ya chupa yake, tukatoka kwa lango la upande wa pili. Alilala hadi jioni.